Tezi, Omo na Ngama: Kwa Nini Fasihi Haisomwi kwa Fasihi Peke Yake

Utangulizi

Mtahiniwa wa Kiswahili katika shule ya upili huingia chumba cha mtihani akiwa amejihami kwa orodha. Anajua maudhui na dhamira, ploti na mandhari, wahusika na sifa zao. Anaweza kutofautisha jazanda na taswira, kinaya na kejeli, mbinu rejeshi na utabiri. Orodha hii ni ya lazima na hakuna mwalimu anayeweza kuidharau. Hata hivyo, Karatasi ya Tatu (102/3) humtaka mtahiniwa ajibu maswali manne yenye alama 20 kila moja, na mengi ya maswali hayo hutumia vitenzi kama vile jadili, thibitisha, fafanua na tathmini. Hapo ndipo orodha humwishia. Ataitaja jazanda, atataja ukurasa inakopatikana, kisha atakwama. Hawezi kueleza jazanda hiyo inasema nini kwa sababu hakijui kitu kilichofanywa jazanda.

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba udhaifu huu aghalabu hautokani na uchache wa istilahi za fasihi. Unatokana na uchache wa maarifa kuhusu ulimwengu ambao fasihi inauzungumzia. Watunzi huandika juu ya ardhi, vita, maradhi, kodi, bahari, ibada na kazi za mikono. Msomaji aliyefunga milango ya historia, jiografia, bayolojia na dini ili "abobee" katika Kiswahili atayaona maneno ya mtunzi bila kuyaona mambo yenyewe. Tutatoa mifano kutoka fasihi simulizi, tamthilia, hadithi fupi, ushairi na riwaya, kisha tutazame hatari za kutumia maarifa haya vibaya na hatua ambazo mwalimu anaweza kuchukua darasani.

Methali na kazi za watu

Tuanze na utanzu ambao wengi huuona kuwa mwepesi. Mwanafunzi wa shule ya upili akiulizwa maana ya methali "Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani" atajibu kuwa mtu hata akienda wapi atarudi kwao. Jibu ni sahihi, kwani amelikariri. Mwulize tezi ni nini, omo ni nini na ngama ni nini, nawe utapata kimya.

Tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo cha baharini na omo ni sehemu ya mbele. Ngama ni pale chini ndani ya chombo ambapo maji hujikusanya. Jahazi la mbao huvuja, na maji hayo lazima yatekwe na kumwagwa nje, la sivyo chombo kitazama. Anayejua hivyo ataiona methali kwa jicho jingine. Baharia anaweza kutembea hadi nyuma au mbele kutazama upepo na mandhari, lakini kuna mahali chomboni ambapo kazi ya kuokoa wote humngojea. Kurejea ngamani basi ni kurejea kwenye asili na pia kwenye wajibu. Mwanafunzi wa Bungoma au Kitui ambaye hajawahi kuiona bahari ana haki ya kuelezwa haya. Bila maelezo hayo methali kwake ni sauti tatu ngeni zinazofuatwa na maana ya kukariri.

Chukua pia "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji". Mgema hupanda mnazi akiwa na kotama yake, hukata karara na kufunga chombo cha kukingia utomvu. Utomvu huo mwanzoni ni mtamu. Hamira iliyo hewani na chomboni huanza kugeuza sukari yake kuwa kileo katika muda wa saa chache, na ukikaa siku kadhaa hugeuka siki. Tembo basi ni bidhaa isiyokaa na isiyokuwa na kipimo cha ubora isipokuwa ulimi wa mnywaji na uaminifu wa mgema. Hapo ndipo tunapoelewa kwa nini methali inamchagua mgema badala ya mhunzi au mfinyanzi. Chungu kibovu huvuja mbele ya macho ya mnunuzi, ilhali tembo lililotiwa maji hufichika. Methali inazungumzia sifa zinazomfanya mtu atumie vibaya imani aliyopewa. Hoja hii inatoka katika somo la kemia na katika kazi ya wakwezi, na mtahiniwa anayeiandika huwa ameijadili methali badala ya kuifasiri tu.

Vivyo hivyo, "Haba na haba hujaza kibaba" inamhitaji msomaji ajue kwamba kibaba ni kipimo cha nafaka, na kwamba vibaba vinne hufanya pishi moja. Kibaba ni kipimo kidogo. Methali haimwahidi mvumilivu utajiri. Inamwahidi chakula cha siku. Tofauti hiyo ni ndogo kwa anayekariri, lakini ni kubwa kwa anayehakiki.

Historia ndani ya tamthilia

Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilichapishwa mwaka wa 1969. Msingi wake ni Vita vya Maji Maji vilivyopiganwa kusini mwa Tanganyika kati ya mwaka wa 1905 na 1907. Wajerumani walikuwa wamewalazimisha wenyeji kulima pamba katika mashamba ya pamoja kwa malipo duni huku mashamba yao ya chakula yakibaki bila mkulima. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alitangaza kwamba pepo Hongo amempa maji yatakayowakinga wapiganaji dhidi ya risasi. Wamatumbi walianza vita kwa kung'oa miche ya pamba mwishoni mwa Julai 1905, na Kinjikitile akanyongwa tarehe 4 Agosti mwaka huohuo. Vita vilienea katika makabila mengi baada ya kifo chake. Wengi wa waliokufa waliuawa na njaa kwa sababu Wajerumani walichoma mashamba na maghala.

Mwanafunzi anaweza kuuliza: haya yote ni ya Historia, yananihusu nini mimi? Yanamhusu katika kilele cha tamthilia. Hongo, kupitia kinywa cha Kinjeketile, anaahidi umoja na ushindi dhidi ya Mjerumani. Halafu anaongeza kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Baadaye Kinjeketile mwenyewe anagutuka kwa neno hilo, na kuanzia hapo anapasuka nafsi. Sasa tulinganishe majibu mawili ya kubuni kwa swali hili: "Ahadi ya Hongo ni ukombozi na utumwa kwa wakati mmoja. Jadili."

Jibu la kwanza: "Mwandishi ametumia mgogoro wa nafsi. Kinjeketile anahuzunika baada ya kugundua maneno ya Hongo. Pia ametumia taharuki kwa sababu tunataka kujua kitakachotokea. Hongo ni ishara ya ukombozi kwa sababu anawaunganisha watu. Pia ni ishara ya utumwa."

Jibu la pili: "Seyyid Said alikuwa Sultani wa Oman na Zanzibar aliyefariki mwaka wa 1856, na utawala wake ulijengwa juu ya biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa kutoka bara. Kuwaahidi Wamatumbi kwamba watakuwa watoto wake ni kuwatoa mikononi mwa bwana mmoja na kuwatia mikononi mwa mwingine. Kwa hiyo neno lilelile linalowaunganisha watu linabeba mbegu ya kuwatawala upya. Kinjeketile anashtuka kwa sababu ametambua kwamba hawezi kuirudisha nusu moja ya ahadi na kuiacha nyingine. Watu wamekwisha kuamini, na imani hiyo sasa iko nje ya uwezo wake. Mgogoro wake wa nafsi unatokana na hali hii."

Wote wawili wametaja mgogoro wa nafsi. Wa kwanza ameutaja kama jina la mbinu. Wa pili ameeleza kiini chake, na maelezo yake yametokana na sentensi moja ya historia. Hakuandika somo zima la Historia. Hakutaja tarehe kumi. Alihitaji kujua Seyyid Said ni nani na utawala wake ulikula nini. Mtahini anayesoma majibu haya mawili hahitaji kushawishiwa ni lipi lililotafakari.

Tukiwa na historia hiyo akilini, hata mwisho wa tamthilia unafunguka. Kinjeketile akiwa mikononi mwa Wajerumani anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa. Msomaji asiyejua kilichofuata anaweza kumwona kuwa mkaidi. Anayejua kwamba kumbukumbu ya Maji Maji ilitajwa na wapigania uhuru wa Tanganyika nusu karne baadaye ataelewa kwamba Hussein, aliyeandika miaka michache baada ya uhuru wa mwaka wa 1961, alikuwa akiuliza swali gumu kuhusu imani isiyo ya kweli inayozaa umoja wa kweli.

Sayansi ndani ya hadithi fupi

Katika diwani ya Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, iliyoanza kutahiniwa mwaka wa 2018, mna hadithi ya Salma Omar Hamad iitwayo "Shibe Inatumaliza". Sasa na Mbura wanahudhuria sherehe ya Mzee Mambo, wanakula, wanaongeza na kula tena, huku gharama ikibebwa na umma. Watahiniwa wengi huona haraka kwamba hadithi inakashifu ubadhirifu. Ni wachache wanaoeleza kwa nini mwandishi alichagua kula na maradhi yatokanayo na kula kuwa chombo cha kuukashifu.

Hapa somo la bayolojia lina neno. Katika kisukari cha aina ya pili, ambacho mara nyingi huhusishwa na uzito uliopita kiasi, mwili hushindwa kuitikia ipasavyo homoni ya insulini, na sukari hubaki kwenye damu. Jambo la kuogofya ni kwamba mgonjwa anaweza kuishi miaka kadhaa bila maumivu. Anakula vizuri, ananenepa, anajiona mwenye heri. Wakati huohuo mishipa ya damu, figo na macho vinaharibika polepole. Dalili zinapojitokeza, madhara mengi huwa yamekwisha kutendeka.

Mwanafunzi anayejua hivyo ataona kwamba jazanda ya shibe inafanana kwa kina na hali ya nchi. Uporaji wa mali ya umma hauiangushi nchi siku ya kwanza. Sherehe hufana, nyimbo hupigwa, na kila kitu huonekana kizima kwa nje. Kisha mwanafunzi huyo arudi kwenye sarufi na akitazame kitenzi cha anwani: i-na-tu-maliza. Kiambishi "-tu-" kinamrejelea nani? Wanaokula ni wachache, lakini wanaomalizwa ni "sisi". Mlaji huugua kwa shibe yake, na asiyekula huugua kwa kukosa dawa hospitalini kwa sababu fedha zimeliwa. Bayolojia, uchumi na mofolojia zimekutana katika neno moja. Hii ndiyo faida tunayoizungumzia: maarifa ya nje yanamrudisha msomaji kwenye neno akiwa na maswali bora.

Majumba, ardhi na sheria

Ushairi nao hudai maarifa ya aina yake. Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa mwanzoni mwa karne ya 19, humwonya moyo wa binadamu kwa kuuonyesha magofu ya Pate. Wanafunzi hufundishwa kwamba maudhui yake ni ubatili wa dunia. Hilo ni kweli. Lakini nguvu ya onyo hilo imo katika ukubwa wa kilichopotea, na ukubwa huo hauonekani kwa asiyejua nyumba ya mawe ya Waswahili ilikuwaje.

Nyumba hizo zilijengwa kwa matumbawe na chokaa. Kuta za ndani zilichongwa safu za vidaka, yaani vishubaka vya kupamba, ambamo matajiri walipanga vyombo vya kauri vilivyoletwa na biashara ya Bahari ya Hindi, baadhi yake kutoka Uchina. Vyombo hivyo vilisafirishwa kwa majahazi yaliyotegemea pepo mbili: kaskazi, inayovuma kati ya Desemba na Machi na kuleta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi, inayovuma kuanzia Aprili na kuvirudisha. Kwa hivyo makinda ya ndege yanapokaa mahali palipokaa kauri, kilichoporomoka si ukuta tu. Uhusiano mzima wa mji na bahari umekatika. Tukiongeza kwamba Pate ilidhoofishwa na vita vya kuwania mamlaka, vikiwemo vita vya Shela vya mwaka wa 1812 hivi ambapo Lamu iliwashinda Wapate na washirika wao wa Mombasa, tutaona kwamba mshairi alikuwa akitazama maangamizi ya karibu. Mwalimu anayeweza kuwaonyesha wanafunzi picha ya vidaka vya nyumba za Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2001, atakuwa amefanya kazi ambayo kurasa tano za maelezo ya dhamira haziwezi kuifanya.

Katika riwaya ya siku hizi tutaje Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Wenyeji wa Matango wanapoteza makao yao, na suala la nani anamiliki ardhi na kwa idhini ya nani linasukuma ploti mbele. Mwanafunzi anaweza kuandika "unyakuzi wa ardhi" na kuendelea. Lakini anayejua kwamba tume ya Ndung'u iliwasilisha ripoti mwaka wa 2004 kuhusu ardhi ya umma iliyogawiwa kinyume cha sheria nchini Kenya, na kwamba Sura ya Tano ya Katiba ya mwaka wa 2010 iligawa ardhi katika makundi matatu, ya umma, ya jamii na ya kibinafsi, atauliza swali la kihakiki. Je, dhuluma katika riwaya inatendwa kwa kuvunja sheria au kwa kuitumia sheria? Hati inapokuwa silaha, dhuluma huvaa vazi la haki. Hapo kuna kinaya kizito, na aliyesoma uraia ndiye atakayekiona kwa wepesi.

Watunzi wenyewe walisoma nini?

Inafaa tukumbuke pia kwamba wengi wa watunzi tunaowahakiki hawakuwa wataalamu wa fasihi peke yake. Shaaban Robert (1909–1962) alianza kazi ya ukarani katika idara ya forodha mwaka wa 1926, kisha akahudumu katika idara nyingine zikiwemo za wanyama na za upimaji wa ardhi. Mtu aliyeishi miaka mingi kati ya maombi, amri na mafaili alijua vizuri jinsi mamlaka yanavyozungumza, na ujuzi huo unasikika katika mashtaka na utetezi wa Karama katika Kusadikika. Mohamed Said Abdulla, baba wa Bwana Msa, alikuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuwa mhariri, na kwa miaka kadhaa alihariri jarida la kilimo liitwalo Mkulima. Si ajabu mpelelezi wake hukagua ushahidi kabla ya kusadiki uvumi. Katama Mkangi alikuwa mhadhiri wa sosholojia, na Walenisi (1995), ambayo jina lake limetokana na "wale ni sisi", ni riwaya inayojaribu kufikiria upya jamii nzima: kazi, mali, sheria na uongozi.

Hatusemi kwamba kila karani atakuwa Shaaban Robert. Tunasema kwamba kazi zao zilijengwa kwa vifaa kutoka nyanja nyingi, na mhakiki anayetaka kuzikagua anahitaji angalau kuvitambua vifaa hivyo.

Tahadhari kwa mtahiniwa

Hoja yetu ina hatari zake, na ni muhimu zitajwe waziwazi.

Kwanza, maarifa ya nje hayachukui nafasi ya matini. Mtahiniwa akiulizwa kuhusu Kinjeketile kisha akaandika kurasa mbili juu ya utawala wa Wajerumani, atakuwa amejibu swali la karatasi nyingine. Ikumbukwe kwamba Hussein mwenyewe, katika utangulizi wa tamthilia, alitenganisha Kinjeketile wa jukwaani na Kinjikitile wa historia. Mhusika hutiwa hatiani au hutetewa kwa ushahidi wa matini.

Pili, ujuzi wa somo moja unaweza kumfanya msomaji apunguze kazi pana ikawa finyu. Anayesoma "Shibe Inatumaliza" kama somo la lishe bora tu amekosea sawa na asiyejua lolote kuhusu kisukari. Maarifa mapana ni ya kumwongezea msomaji njia za kuingilia matini, na kila njia lazima imfikishe kwenye neno la mtunzi.

Tatu, usitaje jambo usilolijua kwa hakika. Tarehe ya kubahatisha hudhoofisha hoja ambayo ingesimama bila tarehe.

Kanuni rahisi ni hii: kila sentensi ya maarifa ya nje ifuatwe na sentensi inayorejelea tukio, kauli au neno mahususi katika matini. Ikishindikana kuandika sentensi hiyo ya pili, ile ya kwanza ifutwe.

Mwalimu afanye nini?

Walimu watalalamika, na kwa haki, kwamba silabasi ni pana na vipindi ni vichache. Hatupendekezi mwalimu wa Kiswahili awe mwalimu wa kila somo. Tunapendekeza mambo manne yanayowezekana katika shule ya kawaida.

1. Mwalimu atumie somo lake la pili. Walimu wengi wa shule za upili nchini huandaliwa kufundisha masomo mawili, mathalani Kiswahili na Historia, Kiswahili na Dini, au Kiswahili na Jiografia. Mara nyingi masomo haya hukaa kama majirani wasiosalimiana. Anayefundisha Jiografia anazo tayari pepo za kaskazi na kusi. Azilete katika kipindi cha ushairi.

2. Kabla ya kuanza kitabu kiteule, idara itenge dakika kumi za mwalimu mgeni kutoka idara nyingine. Mwalimu wa Bayolojia aeleze kisukari, wa Historia amweleze Seyyid Said. Wanafunzi waandike maswali matatu ya kwenda kuyatafuta ndani ya matini.

3. Kila methali, kitendawili au nahau inayofundishwa iandamane na kitu chake. Ikitajwa kinu, kiletwe au kichorwe. Ikitajwa ngama, jahazi lichorwe ubaoni. Zoezi hili pia humfaa mwanafunzi katika isimujamii, kwa kuwa sajili ya mahakama au ya hospitali haiwezi kuandikwa na asiyejua dhamana, rufani, wodi na maabara vina kazi gani. Humfaa katika insha pia, ambako swali juu ya mazingira au ufisadi humpima mtahiniwa anajua nini kabla ya kumpima anaandikaje.

4. Mwanafunzi azuiwe kuanza na mwongozo. Mwongozo humpa hitimisho la mtu mwingine. Asome matini kwanza, aandike anayoyajua na asiyoyajua kuhusu ulimwengu wa kitabu hicho, na mwongozo uje mwisho kama kioo cha kujikagua.

Mambo haya yamekuwa na uzito zaidi sasa. Tangu Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 wanasoma chini ya mtaala unaowapanga katika mikondo mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Michezo. Mikondo ina faida, kwani mwanafunzi hutumia muda wake mwingi katika anachokimudu. Lakini kijana wa miaka 15 hivi anayechagua uhandisi anaweza kuachana na historia kabisa, na anayechagua Fasihi ya Kiswahili anaweza kuachana na bayolojia. Wote wawili, pamoja na aliyechagua muziki au riadha, wataendelea kukaa katika darasa la Kiswahili, ambalo ni la lazima isipokuwa kwa wanaosoma Lugha Ishara ya Kenya. Mwalimu wa Kiswahili basi ni mmoja wa walimu wachache watakaowaona vijana hao wote. Ufahamu kuhusu maji ya ardhini, muhtasari wa makala juu ya benki, shairi la baharini na hadithi ya kisukari vinaweza kuwa mahali pa mwisho ambapo mhandisi wa kesho atakutana na historia, na mhakiki wa kesho atakutana na sayansi. Kipindi hicho kikitumika kukariri orodha za mbinu pekee, hasara itawafuata vijana hao hata baada ya mtihani.

Hitimisho

Tumeona kwamba methali imebeba ujuzi wa mabaharia na wagema, kwamba sentensi moja ya historia inaweza kufungua kilele cha tamthilia, kwamba bayolojia inaweza kuupa uzito mpya kiambishi kimoja, na kwamba shairi la magofu linamtaka msomaji aijue nyumba ilipokuwa nzima. Istilahi za fasihi ni zana. Zana hufanya kazi juu ya kitu, na kitu hicho ni maisha ya watu. Mwanafunzi wa fasihi na aende tezi na omo ya masomo mengine bila hofu ya kuipoteza njia. Ngamani ni kwenye matini, na huko ndiko atakakorejea na alichokichuma.

Maswali ya Marudio

1. Chagua methali tatu zinazotokana na kazi za mikono au vyombo vya kale. Eleza kazi au chombo hicho, kisha uonyeshe jinsi maelezo yako yanavyobadilisha au kukamilisha maana inayofahamika ya kila methali. (alama 6)

2. "Mhusika wa kihistoria akiingia katika tamthilia huacha kuwa mali ya historia." Jadili kwa kurejelea Kinjeketile. (alama 20)

3. Onyesha jinsi jazanda ya kula inavyoshikamana na suala la uongozi katika "Shibe Inatumaliza". (alama 10)

4. Chagua tukio moja katika riwaya teule unayoisoma. Taja somo jingine la shuleni linalokusaidia kulielewa, na uthibitishe msaada huo kwa ushahidi kutoka kwenye matini. (alama 10)